Salfa ya Watu

Masinga Chilewa, mkata matawi ya zabibu kutoka Hombolo,
kitanda cha kumi na moja, wodi ya wanaume, Mvumi.
Wiki ya tatu. Kikohozi chake
nakitambua kabla sijafungua mlango wa maabara:
mtu anakwangua sufuria kwa kijiko.

Makohozi yamepimwa, TB hamna.
Picha ya kifua ina wingu,
lakini wingu la Dodoma, nani asiyelijua,
hupita juu ya shamba lako likanyeshe kwingine.
Tumempa vidonge. Tumempa sindano.
Tumebadilisha sindano.
Homa ilishuka Jumanne, Alhamisi ikarudi na mizigo yake.

Daktari akaandika: damu, mililita tano.

Nikafunga mpira. Kwenye kucha zake kuna manjano,
salfa ya miaka kumi na sita haitoki kwa sabuni.
"Chota tu," alisema. "Ila isiwe bure."

Saa nane usiku. Mashine inazunguka,
damu inajitenga: nyekundu chini,
juu maji ya rangi ya mafuta ya alizeti.
Humo natafuta nyayo.
Babu yangu, kule Bahi, akikuta mbuzi kapungua
hakupiga yowe. Aliinama mchangani kwanza:
huyu fisi, kucha zimechoma;
huyu chui, kucha kazificha.
Mbuzi kaliwa vilevile. Mtego ndio tofauti.

Bakteria akiingia, mwili hupiga kelele,
protini yake hupanda kama vumbi la Agosti.
Ya Masinga imelala chini, kimya.
Nikageukia kipimo cha pili,
kile cha sukari ya ganda la kuvu,
inayomomonyoka na kuvuja damuni.
Namba ikaja juu. Nikarudia,
maana hata namba hudanganya
umeme ukishikwa na kigugumizi.
Ikaja ileile.

Wiki tatu tunamtegea fisi zizini,
chui kalala juu ya tembe.

Asubuhi daktari alifuta mstari mmoja kwenye faili,
akaandika mwingine.
Damari, mkewe, akauliza damu imesema nini.
"Ukungu," nikamwambia. "Umeota kwenye pafu."

Masinga akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
akakisubiri kipite, kama apishaye ng'ombe barabarani.
"Jani la mzabibu likishika unga mweupe
simwagi dawa ya wadudu. Hata kitindamimba wangu anajua.
Ninyi siku zote hizi mnanipulizia ya wadudu?"

Sikuwa na jibu.
Vipimo vyenyewe vilifika mwezi jana,
kumi na viwili, kwenye boksi la barafu.
Chake kilikuwa cha nne.

"Haya," akanyoosha mkono wenye kucha za manjano,
"salfa ya watu mnayo?"

Iko mjini, nikasema. Bei sikuitaja.
Damari alikuwa ameshafunga kanga ya pili kiunoni,
anauliza gari la kwanza linaondoka saa ngapi.