Kumbukumbu za Alhamisi

Kikao kilifunguliwa saa tisa na robo, chumba 114
(saa tatu na robo, wasema wao; daftari ni langu,
na saa nazihesabu kwetu),
baada ya Brynn kugonga meza kwa chupa ya maji.
Waliohudhuria: tisa.
Aliyetoa udhuru: mmoja, ana mazoezi ya mieleka.
Mwalimu DiNicola yupo nyuma, anasahihisha insha
na kujifanya hasikii.

Yatokanayo.
Donati zimekwisha, isipokuwa za nazi.
Sanduku lina dola mia nne na kumi na mbili, senti sitini,
na kifungo kimoja cha koti.
Nimekiandika kifungo. Mhazini alisema
kila kitu kihesabiwe.

Ajenda ya kwanza: dansi ya darasa la kumi na mbili.
Ukumbi wa Wapolandi unataka mia tatu kabla ya Ijumaa.
Mpiga santuri ni binamu yake Trevon,
atapiga bure akilishwa.
"Usiku wa Paris" umekataliwa: mwaka jana ulikuwa huo huo,
na mnara wa maboksi ulimwangukia naibu mkuu wa shule.

Ndipo Brynn akasema, macho yakimng'aa: Safari!
Twiga wa maboksi, nyasi za karatasi, ngoma.
Vichwa vinane vikanigeukia
kana kwamba neno limetoka mfukoni mwangu
na sasa nilitolee risiti.

Niwaambie nini?
Kwamba safari haina simba?
Safari ni kwenda kung'oa jino.
Safari ni mama, Uvira hadi Nyarugusu,
unga kichwani, mdogo wangu mgongoni,
mimi nimeshika pindo la kitenge.
Safari ni faili miaka kumi na mmoja likingoja muhuri.
Safari njema, twamwambia mtu,
kwa kuwa twajua kuna nyingine.

Nilisema, "Twiga ni sawa."
Kura: tano kwa nne. Imepita.
Katibu hakuandika yake aliipeleka wapi.

Ajenda ya pili: bei.
Dola thelathini na tano kwa kichwa.
"Na asiyeweza?" akauliza Prabin,
Prabin ambaye tangu Septemba hajasema
ila "naunga mkono".
Bomba la joto likakohoa ukutani.
Kalamu nyekundu ya mwalimu ikasimama.
Mtu akasema: fomu. Ajaze fomu,
aeleze hali ya nyumbani.

Hapo nikaweka kalamu chini.
Fomu nazijua. Nimejaziwa fomu
kabla sijaota meno.
Nikasema (na hili halimo kitabuni,
katibu haandiki huku anasema)
tiketi ziwe mezani, sanduku kando,
mtu achukue, aweke alichonacho,
asiulizwe, asiandikwe.

"Akiweka kifungo?" mhazini akauliza.
Tutakihesabu.

Hakuna aliyenyosha mkono.
Brynn alijibu kwa neno moja, nami nimelitafsiri: haya.
Lina maana mbili. Nimeziacha zote.

Mengineyo.
Twiga wa majaribio hana pa kulala, stoo imejaa.
Prabin anakaa karibu na ziwa, sebule yao ina dari ndefu.
Kikao kilifungwa saa kumi na dakika kumi.

Nje, theluji ya Erie inaanguka kwa ubavu,
haitaki kufika chini.
Tumembeba twiga, yeye shingo, mimi miguu,
hadi kituo cha basi.
Mlango ukafunguka. Dereva akamtazama
toka kwato hadi pembe.
"Na huyu, analipa?"

Prabin akaanza kupapasa mifuko, kwa dhati kabisa,
mpaka dereva akacheka na kutupungia tuingie.

Tulimsimamisha dirishani, shingo imepinda kidogo.
Upande wa barabara ana jicho.
Upande wetu bado hajachorwa.