Benchi la Nje

Rispa amefika Kibuye na elfu mbili mia nane.
Hazizidi; amezihesabu mara mbili mbele yangu.
Anataka benchi la kukaa nje, mlangoni, Manyatta:
mvua ya alasiri ilipige, jua lilikaushe,
na mamake aendelee kulikalia.

Misumari ni rahisi, namwambia.
Ila mwaka haupiti kabla kutu haijalia
machozi mekundu kwenye mbao,
na mguu uanze kucheza kama jino la mtoto.
Skrubu zisizoshika kutu? Bei yake
ni benchi la pili.
Gundi nayo, tabia yake tuliiona mwezi wa nne.

Basi nikashika patasi.
Nimechonga ulimi, nimeuchimbia kinywa,
na vigingi nimevipata bure: mabaki ya mvule
ambayo Onyach huchemshia chai.
Siri ni hii. Tundu la ulimini nimelisogeza
upande wa bega, unene wa shilingi tu,
yasilingane.
Kigingi kikigongwa kinajipinda kutafuta njia,
na kwa kujipinda kinavuta,
mpaka bega linagusa mguu, hata wembe haupiti.

Kazi ya siku moja imekula mbili.
Ya pili sikuitoza. Asijue.

Leo ameligeuza miguu juu,
akatafuta chuma, asikione.
"Sasa linashikwa na nini?"

Nikaligeuza tena.
Nikakaa upande mmoja,
nikamwachia nafasi.