Kilichoshika Hubaki

Kichupa kimefika saa mbili na robo asubuhi,
kizibo chekundu, jina limeandikwa kwa haraka:
Jumber, miaka hamsini na tatu, wa Tskaltubo,
wa zile hoteli kuukuu za maji moto
walikowekwa wakimbizi wa vita kwa mwezi mmoja tu,
na leo wajukuu wao wanaanika nguo baina ya nguzo.

Mimi ni Nestan, mtu wa maabara. Uso wake siujui.
Namjua kwa mililita tano.

Mashine inazunguka, inanguruma,
wekundu unazama chini kama ukoko,
juu yanabaki maji ya rangi ya chai changa.
Natia tone, kishimo cha tano, safu ya tatu.
Sahani ina vishimo tisini na sita:
mji mzima umekaa kimya, hakuna anayemjua jirani.

Kisha tunaosha. Mara tano tunaosha.
Kilichoshika hubaki, mpita njia huenda na maji.
Hiyo ndiyo elimu yote, aliniambia Eteri siku ya kwanza;
mengine ni kusubiri
na kutopiga chafya.

Nje, theluji ya Machi inayeyukia mtoni Rioni.
Ndani, kishimo kinaingia buluu,
natia asidi,
kinageuka manjano, manjano ya kiini cha yai.
Kingamwili za homa ya ini zipo.

Alikuja mwenyewe mchana, kofia mkononi.
Sikupaswa kusema kitu, majibu ni ya daktari.
Akasema yeye: Sukhumi, mwaka wa tisini na tatu,
darasa la chini ya ardhi, tochi moja,
mpira kutoka mkono wa Malkhaz hadi mkono wake.
“Hakuna aliyeuliza damu ile ina nini.
Tuliuliza kama ipo.”
Malkhaz hakuiona Oktoba.

Tukapima tena, kipimo kinachokisaka kirusi chenyewe.
Siku nne. Nililala vibaya, na wala si ndugu yangu.

Hakikuonekana.

Mwili ulikuwa umekishinda zamani,
labda katika miaka ile ya giza na kuni za kuiba,
bila kumwarifu mwenye mwili.
Zimebaki kingamwili tu,
kama mlinzi ambaye tajiri wake alishahama
na bado anakoka moto getini.

Daktari alimweleza. Ukuta wetu ni mwembamba.
“Basi na hizi zitaondoka lini?”
“Haziondoki. Kila ukipimwa zitaonekana.”
Kiti kikalia.
“Maisha yote?”
“Maisha yote.”
Akakaa kama mtu anayehesabu chenji.
“Vizuri,” akasema. “Hata picha yake sikuwa nayo.”

Nikavaa glovu mpya.
Vichupa vya alasiri vilikuwa kumi na saba.