Barua Chini ya Mguu wa Meza

Verna, mpishi wa shule kule Duluth,
alikatwa dola arobaini kila mshahara
tangu baridi ya mwaka aliomzaa Kari.
Hakujua hisa ni nini. Alijua masufuria.

Soko lilipoporomoka, Orrin alifoka:
"Tuuze! Tuokoe hata nusu!"
Verna akaikunja bahasha bila kuifungua,
akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.
Meza ikatulia.

Orrin hakutulia. Aliuza zake,
akazilaza benki,
bei ya mkate ikazila zikiwa usingizini.

Haba na haba, sawa,
ila kibaba nacho huwa na tundu:
ada ya wakala, asilimia moja tu, kila mwaka.
Aliigundua kwa miwani ya mumewe,
akampigia simu kijana wa ofisini:
"Mwanangu, mimi hupima chumvi kwa jicho.
Jicho hilo limeiona hii."

Ijumaa amestaafu.
Leo ameinama, ameichomoa ile barua,
amezisoma tarakimu za mwaka wa balaa,
amecheka peke yake, meza ikiyumba.

"Orrin, vaa koti.
Twende tukanunue meza."