Nusu na Kidogo

Bi Zuwena alitaka nilijaze gari lake pomoni.
"Miezi minane, Ngwali. Nisije nikalikuta na njaa."
Nikachomoa waya kwenye hamsini na tano.
Akanitazama kama mtu aliyepakuliwa nusu sahani
ugenini, siku ya Idi.

Nikamwambia: Bi, betri si mgeni.
Ukiishibisha ukaiacha, shibe yenyewe inaitafuna.
Ukiiacha tupu, italala usingizi wa moja kwa moja.
Nusu na kidogo, basi. Kama karafuu ya kuweka:
mbichi huota ukungu, iliyopitiliza jua...
"Karafuu usinifundishe," akasema, na kweli,
maana tulikuwa ghalani kwa marehemu babaake,
Limbani, nyumba ya tatu kutoka skuli,
kuta nene, baridi hata mchana wa kaskazi,
na harufu ile haijahama
ingawa gunia la mwisho lilitoka mimi sijabaleghe.

Nikaosha chumvi uvunguni.
Nikatia upepo magurudumu kupita kawaida, yasilale bapa.
Matundu anayopenda panya nikayaziba kwa wavu.
Ikabaki betri ndogo. Nilikwisha shika spana.
"Ukiifungua hiyo, simu yangu italiona?"
Haitaliona.
"Basi iache."

Nikamweleza: hii ndogo ndiyo bawabu.
Kubwa inaweza kuwa na nguvu ya kwenda Konde na kurudi,
ndogo ikifa, umesimama nje na ufunguo wako unagonga.
Na usilichungulie, Bi. Kila ukilichungulia linaamka,
na kuamka kunakula.
"Wallahi silichungulii."
Jumamosi akapanda ndege Chake, kwenda Maskati
kumlea Thuwaiba na uzazi wake.

Kila Ijumaa ya mwanzo nikaja na chaki.
Ukutani, chini ya hesabu za mkaa za babaake,
gunia kadhaa, frasila kadhaa, jina la mtu aliyedaiwa,
nikaandika 55.
Nikaandika 54.
Nikaandika 49, nikalifuta, nikatazama tena, nikaliandika.
Nikaandika 43.

Nikatafuta panya.
Nikatafuta taa iliyosahauliwa kwenye buti.
Nikapima nyaya moja moja, nimelala chali juu ya mkeka,
fundi mzima, najiuliza nimekosea wapi.

Masika yakanikamata humo usiku mmoja,
barabara imekuwa mto, nikajilaza kwenye magunia matupu.
Saa nane kasorobo nikasikia: tk.
Kioo kikawaka. Mwanga wa buluu ukanipitia usoni,
ukapanda ukutani mpaka kwenye frasila,
ukakaa kama dakika moja,
ukazima.
Hakuna mtu.

Nikapiga. Ikapokelewa hata haijalia mara mbili.
"Bi, hujalala?"
Kimya. Nyuma yake kitoto kinalia,
na mashine ya baridi inanguruma.
"Halali huyu," akasema. "Nami nikishika simu...
naangalia tu, Ngwali. Kama lipo."

Nilikuwa nayo maneno. Ya kifundi, yamenyooka:
asilimia, joto, umri wa betri.
Nikasema, lipo, Bi.
Nikasema, mvua inanyesha, ghala halivuji.
"Harufu?"
Ipo.
Akavuta pumzi, kama vile inafika.

Asubuhi nikaazima waya mrefu kwa jirani,
nikanunua umeme wa elfu tano kwa pesa yangu,
nikakaa mlangoni nahesabu hesabu inavyopanda.
Ukutani nikaandika 55.
Sababu sikuiandika.

Siku hizi nikija, waya uko begani.
Na mara moja, sitamwambia mtu,
nilikaa mpaka saa nane makusudi,
kioo kilipowaka
nikakipungia mkono,
ingawa gari lenyewe halina jicho.