Kelele ya Kawaida

Tiki kumi na tatu, zote kwa wino wa buluu:
breki, tiki; mikanda, tiki; maji ya kioo, tiki;
oili mpya, lita tano, tiki yenye mkia mrefu
kama ya mwalimu aliyefurahishwa na mtoto.
Nililipa. Nikapewa kalamu yenye jina lao.

Yorkton siku hiyo ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
baridi ya kugandisha kope.
Nilitarajiwa Melville, kwenye piano ya kanisa
iliyopotoka sauti tangu Krismasi,
na mazishi ni Jumamosi.

Kilomita ya ishirini na saba, birika jekundu likawaka.
Ndivyo walivyoichora taa ile: birika dogo
lenye tone moja mdomoni,
kana kwamba mtu anakukaribisha chai.
Nikazima papo hapo. Nikashuka.
Nyuma yangu, juu ya theluji, vitone vyeusi
vilifuatana hadi macho yalipokoma,
muziki ulioandikwa na mlevi.
Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu,
kisafi kama kijiko cha wageni.

Walilivuta gari hadi kwao. Wakakaza nati. Wakajaza oili.
Wakaliosha bure, hata magurudumu,
jambo ambalo sikuliomba.
"Liko sawa," akasema Bwana Kowalchuk, meneja wa huduma,
"ila ungesimama mapema zaidi."
Yaani wao waliacha ufa,
na mimi ndiye ninayeulizwa ukuta uko wapi.

Nina masikio. Miaka thelathini na minne nimelipwa
kusikia wasichosikia wenye piano:
waya uliolegea kwa unywele,
nyundo iliyochakaa sufi yake.
Na sasa, chini kabisa ya injini, ikishapata moto,
kuna kitu kinabisha hodi.
Ko. Ko-ko. Ko.
Si kwa nguvu. Kama mgeni mwenye adabu
aliyekuja kudai deni.

"Kelele ya kawaida," akasema meneja.
Basi iandike, nikamwambia. Iandike kwenye karatasi yako,
*kawaida*, na tarehe, na sahihi.
Akaitazama kalamu yake muda mrefu.
Akasema atazungumza na makao makuu, Regina.
Hii ni wiki ya tatu anazungumza.

Kijana alinifuata kwenye maegesho, bila koti,
viganja kavificha kwapani.
Tavish, jina limeshonwa kifuani; miaka kumi na tisa, labda.
"Ni mimi. Niliikaza kwa vidole tu,
nikaitwa kwenye simu, dada yangu alikuwa anajifungua.
Niliporudi gari lilikuwa limeshashushwa."
Kisha: "Wamenikataza kukwambia."
Nilikuwa na maneno makali, nimeyanoa njia nzima.
Nikajisikia nauliza: "Kapata mtoto gani?"
"Wa kike."

Usiku ule usingizi ulinipa mgongo.
Alinijia Bi. Olha Petryshyn, mwaka wangu wa pili kazini,
na piano ya mama yake, iliyovuka bahari
ikiwa imefungwa kwa mablanketi ya kitani.
Niliukaza waya kupita kiasi. Ubao ukapasuka,
mlio mfupi, mmoja,
na chumbani mle ni mimi tu niliyeuelewa.
"Ni uzee, mama," nikamwambia. "Mbao huzeeka."
Akanilipa. Akaniongezea na mkate,
nikaula garini, ukiwa bado na moto.

Kesho nitapiga simu Regina tena.
Chupa ya oili iko maabara, wanatafuta vumbi la chuma;
haki yangu siiachi, na jina la kijana sitalitaja.
Lakini asubuhi hii gari linapasha moto uani,
nami nimesimama kando yake bila kofia,
nasikiliza,
na sijui tena ni nani anayebisha,
wala mlango ni wa nani.