Chumba Namba Tatu

Vua viatu, Verlene, nasema,
naye huvua na saa, na pete, na miwani,
kana kwamba miwani ndiyo iliyonenepa.
Namba inatulia. Naiandika bila kuitamka.
Daktari ataingia na dakika zake kumi na mbili
na karatasi ile ile: kula mboga, kunywa maji, tembea.

Atembee wapi?
Kutoka kwake hadi barabara kuu hakuna njia ya miguu,
kuna mtaro, kuna malori ya nafaka.
Alipojaribu, Oktoba iliyopita,
shemasi wa kanisa lake alisimamisha gari
akamuuliza la kwake limeharibikia wapi.

Hapa Iowa mashamba yametuzunguka pande zote,
mahindi, mahindi, mahindi hadi macho yachoke,
wala hulipati hindi moja la kuchoma.
Haya si ya meno. Hupanda treni usiku,
huenda kiwandani, husagwa, huchujwa,
hurudi mjini kwetu yamekuwa shira
ndani ya soda, ndani ya mkate, ndani ya mchuzi wa nyanya,
hata ndani ya soseji. Nani aliomba soseji tamu?
Duka la mzee Krogstad lilifungwa mwaka ule wa mafuriko.
Tufaha sasa liko maili ishirini na sita.
Biskuti ziko mkabala na kliniki.

Nami nilikuwa nikisema: uroho tu.
Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiuno cha nyigu,
nikasema mdomo ni wake, mkono ni wake.
Siku hizi najipima mlango ukiwa na komeo.

Verlene hupakia masanduku ghalani usiku kucha,
mchana hulala saa nne, tena za vipande vipande,
mjukuu akimvuta nywele.
Mwili usiolala hudai sukari
kama mtoto anayelia asijue anachokililia.
Mara mbili amepungua, ratili arobaini kila mara,
na mara mbili mwili umedai chake, pamoja na riba,
kwa maana mwili hukumbuka njaa za mabibi,
mabibi ambao hawakuota kwamba iko siku
litakuwapo dirisha barabarani, gari halizimwi,
mkono unatoka na mfuko wa moto
kwa dola tano, saa tisa za usiku,
nao ndio mkono pekee uliokunjuka kwako siku nzima.

Leo, akifunga kamba za viatu
(ni kazi, kuinama kule; nilitazama dirishani),
alicheka kidogo, akasema:
"Toa hapo mahindi.
Toa ghala, toa ile barabara.
Kisha uniambie mimi nina uzito gani."

Fomu haina kisanduku cha jambo kama hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.
Daktari akaingia, akalisoma kwa kusimama,
akatazama saa yake,
akavuta kiti.